Dhiki Yao, Deni Langu

Kompyuta yangu haina salamu. Ina kioo kinachong'aa, ina sauti ya kupendeza ikiwaka, ina picha ya milima na ziwa ambako sitafika, na kijana wa dukani alinihakikishia kwamba humo ndani kila kitu ni cha kisasa. Nikamwamini, maana bei nayo ilikuwa ya kisasa. Halafu akaja mpwa wangu, ambaye kazi yake ni hizi hizi kompyuta, akaitazama, akacheka. "Mjomba, Mac hii ni mpya usoni tu. Ngoja nikuonyeshe aliyemo ndani."

Akafungua programu inayoitwa Terminal. Milima na ziwa vikafunikwa na kidirisha kitupu kisicho na kitufe wala picha. Juu yake mstari mmoja wa maandishi ulitaja mara ya mwisho kuingia na kwamba niliingilia kwenye kitu kinachoitwa ttys000. Basi. Hakuna karibu, hakuna habari za tangu juzi. Kimstari kinapepesa tu, kinasubiri nianze mimi.

Mpwa akaandika herufi mbili, mv, kisha jina la faili, kisha jina la folda, akabonyeza kitufe cha kuingiza. Kimya.

"Imekuwaje?"

"Imekubali, Mjomba."

"Umejuaje?"

"Si haijasema kitu?"

Mimi nimelelewa mtaa ambao mtoto akitumwa chumvi, akirudi hutoa taarifa kamili: chumvi hii hapa, chenji hii hapa, na mwenye duka anakusalimu. Sasa nimenunua mashine kwa fedha ambazo zingeezeka nyumba, naituma kazi, inafanya, inaninunia. Na maneno inayo. Kosea herufi moja tu uone.

Tena huyu mv ni muungwana. Mpwa akaamsha programu nyingine iitwayo ed, ya kuhariri maandishi, ambayo bado imo ndani ya kila Mac ingawa hakuna tangazo linaloitaja. Nikaandika neno "habari". Ikanijibu kwa alama ya kuuliza. Si swali, ni alama yenyewe: "?". Nikaandika "saidia". "?" Nikaandika jina langu kamili, la ukoo likiwemo. "?" Kwa ed, hilo ndilo jibu la kosa lolote liwalo, na imekuwa ikijibu hivyo tangu mwandishi wake, Ken Thompson, alipoianzisha mwaka 1969. Nimewahi kukutana na makarani wa masijala wenye mdomo mzito, lakini walau wao huguna.

Nikadai maelezo. Nilivyopewa, nikaona heri nisingedai.

Hizo herufi tty ni mabaki ya Teletype, mashine za kupiga chapa ambazo zilifungwa kwenye kompyuta kwa waya kabla ya skrini kuenea. Ile iliyokuwa maarufu, Model 33, ilitoka mwaka 1963. Ilichapa herufi 10 kwa sekunde, juu ya karatasi, kwa makelele, na vitufe vyake vilitaka kidole chenye lishe. Mtu mwenye mashine hiyo haandiki amri ndefu. Anaandika mv kwa kuhamisha, cp kwa kunakili, ls kwa kuorodhesha, rm kwa kufuta, anapumzisha vidole. Na kompyuta nayo ikimaliza kazi haijibu "kazi imekamilika, ndugu", kwa kuwa sentensi hiyo peke yake ingekula zaidi ya sekunde mbili, na karatasi, na wino, na usikivu wa wote waliomo chumbani. Kunyamaza kulikuwa ndiyo adabu.

Sawa. Lakini mimi sina Teletype. Nina skrini yenye nukta za rangi mamilioni. Kidirisha kile hakijui. Kinaamini kwa moyo wote kwamba upande wa pili yupo karani wa enzi zile na karatasi yake. Bonyeza Control pamoja na G: italia. Ile ni kengele ya Model 33, kengele ya chuma iliyokuwa ikigonga kumwita mtu mbele ya mashine. Kengele yenyewe imekwenda na vyuma chakavu, mlio umebaki.

Ndipo nilipoanza kuielewa hasira yangu. Walikuwa na dhiki. Wakajibana, kama inavyompasa mtu mwenye dhiki. Dhiki ikaisha, kule kujibana hakukuisha, kukapitishwa kwa warithi, na warithi wakapitisha, hadi kukafika mezani kwangu Dar es Salaam kama bili ya maji ya mpangaji aliyehama.

Neno la siri, kwa mfano. Kwingine kote kwenye mashine hii ukiandika neno la siri unaona vidoti, kidoti kwa kila herufi, unajua umefika wapi. Kwenye Terminal huoni kitu. Unabonyeza, kimstari hakisogei, pembeni yake kimekaa kifunguo kidogo kinakutazama. Unadhani kibodi imekufa. Unabonyeza kwa nguvu zaidi. Sababu? Kwenye karatasi, kila ulichoandika kilichapwa, na kikichapwa kinabaki, na mfagiaji wa jioni anakisoma. Basi mashine ikafundishwa isichape lolote wakati wa neno la siri. Mfagiaji huyo alikwishastaafu zamani, na mimi naendelea kufichwa herufi zangu mwenyewe ndani ya chumba changu mwenyewe.

Kisa chenyewe cha dhiki hiyo kilianzia Murray Hill, New Jersey, kwenye maabara za Bell Labs, mali ya kampuni ya simu ya AT&T. Kampuni ilikuwa imeshiriki mradi mkubwa uitwao Multics, pamoja na chuo cha MIT na General Electric, wa kutengeneza mfumo wa kompyuta moja kutumiwa na watu wengi kwa pamoja. Mradi ukachelewa na kunenepa, na mwaka 1969 Bell Labs wakajitoa. Thompson na wenzake wakabaki wamezoea utamu bila mtungi. Waliomba kununuliwa kompyuta, wakanyimwa. Thompson akaipata PDP-7 kuukuu ambayo haikuwa na mtumiaji wa maana, akaanza kuitumia kwa jambo zito la kitaifa: mchezo wa kurusha chombo kati ya sayari, uitwao Space Travel.

Halafu mkewe akamchukua mtoto wao, ambaye alikuwa na umri kama wa mwaka mmoja, wakaenda California kuwatembelea jamaa kwa wiki tatu. Thompson akabaki nyumbani peke yake. Kwa wiki tatu hizo akaandika vipande vilivyokuwa vimebaki ili mashine iweze kujitegemea: wiki moja kwa programu ya kuhariri, wiki moja kwa ile ya kugeuza maandishi kuwa lugha ya mashine, wiki moja kwa kiini cha mfumo. Mwisho wa wiki hizo, anasema mwenyewe, tulikuwa na Unix.

Mke wangu akisafiri kwenda kwao Tanga, matokeo yake huwa rundo la vyombo.

Siisimulii safari hiyo ili kumsifu Thompson, ambaye sifa anazo za kutosha. Naisimulia kwa sababu mfumo ulioandikwa kwa haraka namna ile, kwenye mashine ya kuokoteza, unastahili kuchukuliwa kama kibanda cha muda. Nani huandika kanuni za milele mke akiwa safarini? Mwenzake, Dennis Ritchie, akaja na lugha ya C, mwaka 1973 Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo, na tangu hapo ikawa rahisi kuihamisha kutoka mashine hadi mashine. Kampuni ya simu nayo ilikuwa imefungwa mikono na makubaliano ya mahakamani ya mwaka 1956 yaliyoikataza biashara nje ya simu. Haikuweza kuiuza kama bidhaa, ikawa inaigawa kwa vyuo vikuu kwa ada ndogo, pamoja na msimbo wake wote. Ukitaka kitu kienee duniani, kikataze kuuzwa kisha kipe wanafunzi. Kule Berkeley, California, wanafunzi na walimu waliichezea hadi ikawa na ukoo wake, BSD, na kijana mmoja aliyeitwa Bill Joy akaandika programu ya kuhariri iitwayo vi, ambayo watu huingia kwa bahati mbaya na kutoka kwa msaada wa majirani.

Imefikaje kwangu? Kwa ndoa. Mwaka 1985 Steve Jobs aliondoka Apple kwa ugomvi, akaanzisha kampuni yake ya NeXT. Humo akachukua kiini kiitwacho Mach, kilichotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, akamleta na mmoja wa waliokitengeneza, Avie Tevanian. Juu ya Mach wakaweka BSD ya Berkeley, na juu ya BSD wakaweka sura nzuri. Kompyuta zao zilikuwa nyeusi, ghali, na wanunuzi wakawa wachache, ingawa mmoja wa watumiaji wake, Tim Berners-Lee kule CERN, alitumia NeXT kuandika mtandao wa wavuti mwaka 1990. Apple kwa upande wao walikuwa na mfumo mzee usioweza kuzuia programu moja mbovu isiangushe mashine nzima, na jaribio lao la kutengeneza mpya, Copland, lilikuwa limekufa. Desemba 1996 wakatangaza kuinunua NeXT kwa zaidi ya dola milioni 400. Jobs akarudi na mizigo yake yote, na tarehe 24 Machi 2001 mfumo wa Mac OS X ukatoka ukiwa na BSD tumboni. Hata leo ujumbe wa makosa ukikutokea na neno refu linaloanza na NS, hizo ni herufi za NeXTSTEP. Kampuni ilizikwa, herufi zake zinaendelea kutoa taarifa za misiba.

Ndoa za ukubwani zina matatizo yake, na moja limeniharibia Ijumaa nzima.

Nina faili la makala ambalo nimelipa jina lenye tarehe, "Safu 12/3", kwa mkwaju, kama tulivyofundishwa shuleni. Mpwa akaliorodhesha kwenye Terminal.

"Mjomba, umeandika 12:3."

"Nimeandika mkwaju."

"Hapa ni nukta mbili."

Nikamwonyesha kwenye folda, kwa dirisha la kawaida: mkwaju. Akanionyesha kwenye Terminal: nukta mbili. Faili lile lile, mashine ile ile, dakika ile ile. Nilianza kupandisha sauti. Naye akaanza kunijibu "ndiyo Mjomba" kwa ile sauti ambayo vijana huitumia wanapokusudia siyo.

Kumbe tulikuwa wakweli wote wawili, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote. Mac za zamani, tangu miaka ya 1980, zilitenganisha folda na folda kwa nukta mbili, kwa hiyo jina la faili halikuruhusiwa kuwa na nukta mbili. Unix hutenganisha kwa mkwaju, kwa hiyo jina halikuruhusiwa kuwa na mkwaju. Walipooana hakuna aliyekubali kuacha desturi za kwao. Likawekwa suluhisho la kikatibu: upande wa madirisha mkwaju unaruhusiwa, upande wa Unix ukisomwa unageuzwa kuwa nukta mbili, na kinyume chake. Jaribu kuandika nukta mbili kwenye jina la faili kule kwenye madirisha, utakataliwa mpaka leo. Tangu 2001 wapo mabwana wawili humo ndani, hawasemeshani, na kila herufi inapita kwa mkalimani.

Hata uraia wa mwenyewe una utata. Kiini cha mfumo huu kinaitwa XNU, na kirefu chake, kwa maelezo ya wenyewe, ni kwamba X si Unix. Nimetulia, nimekubali, si Unix. Lakini mwaka 2007, baada ya malumbano ya kisheria kuhusu matumizi ya jina hilo, toleo lililoitwa Leopard likapewa cheti rasmi na The Open Group, ambao ndio wenye jina, kuthibitisha kuwa ni UNIX halali. Jina linakana, cheti kinakubali. Nendeni mkaombe pasipoti kwa nyaraka za namna hiyo muone mtakavyozungushwa.

Na jirani yangu mwenye simu ya Android asicheke. Kiini cha simu yake ni Linux, ambayo Linus Torvalds aliianza mwaka 1991 kwa kuiga mwenendo wa Unix, na ndani yake zimo mv na ls na ukimya ule ule. Wa iPhone ndiyo kabisa, wana XNU yenyewe mfukoni.

Sasa niwapeleke kwenye duka la stationeri, maana huko ndiko dhiki ya Murray Hill iliponitia aibu hadharani. Napeleka flashi kuchapa makala. Kijana anaichomeka kwenye kompyuta yake ya Windows, anaifungua, anakunja uso. Faili langu lipo. Pembeni yake lipo jingine lenye jina lile lile lakini limetanguliwa na nukta na kistari cha chini. Juu yao lipo linaloitwa .DS_Store. Mimi kwangu nilikuwa nimeona moja tu.

"Mzee, flashi yako ina virusi."

Foleni nzima ikanigeukia. Mama mmoja aliyekuwa na flashi mkononi akairudisha kwenye pochi.

Siyo virusi. Ni kumbukumbu ndogo ndogo ambazo mfumo hujiandikia: wapi umeweka alama za mafaili, dirisha lilikuwa na ukubwa gani. Huzioni kwako kwa sababu kwa Unix jina lolote linaloanza na nukta halionyeshwi. Na kwa nini halionyeshwi? Nilitegemea sababu ya kiusalama, au walau ya kifalsafa. Rob Pike, aliyefanya kazi Bell Labs, amewahi kueleza kwamba ilikuwa bahati mbaya. Kila folda ya Unix ina vitu viwili vya ndani: nukta moja, inayomaanisha folda yenyewe, na nukta mbili mfululizo, zinazomaanisha folda iliyo juu yake. Hivyo viwili vilikuwa vinachafua orodha, basi mtu akaongeza mstari mfupi kwenye ls: jina likianza na nukta, ruka. Angeandika mstari mrefu kidogo angeruka hivyo viwili tu. Akaandika mfupi. Kwa uvivu wa mstari mmoja, kila jina lenye nukta mbele likapotea machoni, wengine wakagundua hapo ni mahali pazuri pa kuficha vyombo, na miongo kadhaa baadaye mzee wa watu anatuhumiwa virusi mbele ya foleni Kariakoo.

Ukitaka kuwaona wote waliofichwa, bonyeza Command, Shift na nukta ukiwa kwenye madirisha. Sikushauri. Nilifanya hivyo kwenye diski kuu na zikajitokeza, kwa rangi iliyofifia, folda ambazo sijazaliwa nazo: bin, sbin, etc, var, usr. Ndani ya usr ipo tena bin. Na sbin tena. Yaani vyombo vya mfumo vingine vimewekwa bin, vingine usr/bin, na ukiuliza tofauti utapewa hotuba ndefu yenye mantiki iliyotungwa baadaye. Ukweli wake ni mfupi: mwanzoni mwa miaka ya 1970, pale Bell Labs walipohamia kwenye PDP-11, diski ya kwanza ilijaa. Ilikuwa ya megabaiti chache. Diski ya pili, iliyoitwa usr, ilikuwa ya mafaili ya watumiaji, basi mfumo ukamwagikia huko, na bin yake ikafuatana nayo. Diski yangu ingemeza zile mbili mara elfu nyingi isijisikie kushiba. Bado vyombo vimegawanywa vyumba viwili, kwa heshima ya diski iliyojaa kabla sijajifunza kusoma.

Ile alama ya wimbi, ~, ambayo kwa Unix humaanisha nyumbani kwa mtumiaji? Nilijua lazima iwe na hekima ya kale. Kule Berkeley walikuwa na terminali za ADM-3A, za mwaka 1976, ambazo kitufe cha wimbi kilikuwa pia kimeandikwa HOME. Imeisha hiyo.

Lililonichoma kuliko yote ni hadhi yangu mwenyewe. Mashine hii natumia mimi. Mke wangu haitaki, watoto wana ya kwao. Mpwa akaandika who, amri ya kuuliza nani wamo ndani, ikaorodhesha watumiaji wawili. Wote wawili mimi: mmoja niliyeketi mbele ya skrini, na mwingine, yule wa ttys000, karani wa Teletype wa kubuni. Kisha akaorodhesha mafaili yangu kwa urefu. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi, na lina ruhusa tatu kwa watu wa aina tatu: mwenye faili, wenzake wa kundi, na walimwengu wengine. Ya nini? Ya nini, wakati tupo wawili na wote ni mimi? Kwa sababu enzi zile kompyuta ilikuwa moja na watu walikuwa wengi, wamejipanga kwenye terminali zao, na jirani wa meza ya pili angeweza kukufutia kazi. Safu ya kundi, kwa mafaili yangu yote, imeandikwa staff. Wafanyakazi! Mashine nimeilipia mwenyewe, kwa awamu, na humo ndani mimi ni mwajiriwa. Mkuu ni mtu anayeitwa root, ambaye sijawahi kumwona, na mafaili yake mengi ni ya kundi jingine la wakubwa.

Ukitaka kufanya jambo la wakubwa unaomba kwa amri ya sudo, iliyoandikwa mwaka 1980 kwenye chuo kikuu cha umma cha New York kilichopo Buffalo. Mpwa akaingia kwa akaunti ya kawaida ya watoto ili anionyeshe kinachotokea kwa asiyestahili. Jibu likaja kwamba jina hilo halimo kwenye orodha ya walioruhusiwa, na kwamba tukio hili litaripotiwa.

"Litaripotiwa kwa nani?"

"Kwa msimamizi wa mashine."

"Ambaye ni nani?"

"Ni wewe, Mjomba."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake, na kikombe cha kahawa. Sijapokea ripoti yoyote hadi naandika haya. Na hata root mwenyewe tangu mwaka 2015 amepunguziwa madaraka. Kuna mafaili ya mfumo ambayo naye hukatazwa kuyagusa. Humo ndani sasa hakuna mwenye mali.

Kuhusu tarehe, nitasema machache, maana shinikizo la damu ninalo. Unix huhesabu muda kwa sekunde tangu kuanza kwa tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za Greenwich. Faili likipoteza tarehe yake, hesabu inakuwa sifuri, na sifuri kwa saa za Afrika Mashariki ni saa tisa usiku wa tarehe hiyo. Niliokoa picha za harusi ya dada yangu kutoka kwenye diski mbovu. Zote zimeandikwa 1970, saa tisa usiku. Dada alikuwa hajazaliwa, na sisi kwetu hatuozeshi saa hizo. Marekani wao, kwa tofauti ya saa, huonyeshwa jioni ya Desemba 31, 1969, ambayo angalau ni wakati wa kukutana na watu.

Amri nyingine, cal, huchapa kalenda. Iulize Septemba ya mwaka 1752 uone: tarehe 1, tarehe 2, kisha 14. Siku 11 hakuna. Ndiyo mwaka Uingereza na makoloni yake walipobadili kalenda. Pwani hapa watu walikuwa wakihesabu miezi kwa kuandama, hawakukosa siku hata moja, lakini mashine imewakata na wao.

Mpwa, alipoona nimeanza kuzoea, akaniongezea la mwisho. Hesabu ile ya sekunde, kwa vifaa vilivyotengenezwa kuihifadhi kwa biti 32, itajaa tarehe 19 Januari 2038, siku ya Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi kwa saa zetu. Sekunde inayofuata vitajiona vipo Desemba 1901. Mac yangu imeshahamia biti 64, akasema, haina neno. Tukaanza kukagua vilivyobaki sebuleni. Simu, sawa. Ruta, labda. King'amuzi cha runinga aliishia kukigeuza geuza akisoma maandishi ya chini, hakuwa na hakika.

Mke wangu, aliyekuwa akitupita na sinia, akasema king'amuzi hicho hakijawahi kuvuka masika bila kuzimika, hiyo 2038 kitaifikaje.